Ukungu-ute: acha ukomae ndipo uulize jina

Mvua zikichanganya, simu yangu hujaa picha. Wanaotuma ni wajukuu, vijana niliowahi kuwaelekeza kazi maabara, majirani wa huku mlimani, na watu wa Dar na Mombasa ambao hatujawahi kuonana. Picha zenyewe zinakaribiana: ute wa njano umetambaa juu ya mboji, au kitu cheupe kilicholowa kimetokeza kwenye ufa wa gogo. Chini yake swali: "Bibi, hii ni spishi gani?" Jibu langu ni lile lile. Usikiguse, usikimwagie maji, kesho asubuhi nipigie picha nyingine, keshokutwa nyingine.

Wapo wanaodhani nawazungusha. Sivyo. Ukungu-ute ukiwa bado ute, karibu hauna jina, na anayekutajia jina kwa picha ya ute peke yake anabahatisha. Mimi nimekaa kwenye hadubini za zahanati na hospitali tangu usichana mpaka nikastaafu, nikitafuta vimelea vya malaria kwenye damu za watu. Kazi ile ilinizoesha kuandika kile kilichopo kwenye kioo, si kile ambacho daktari au mgonjwa angependa nikione. Sasa nina shamba dogo la iliki na migomba upande wa Amani, Usambara Mashariki, nina hadubini yangu ya mtumba, na nina magogo yanayooza. Nimetosheka.

Kwa asiyewajua viumbe hawa nieleze kidogo. Wataalamu huwaita miksomiseti. Si mimea, si wanyama, na si uyoga, ingawa kwa miaka mingi walihesabiwa pamoja na uyoga. Mjerumani Anton de Bary alichapisha mwaka 1859 kazi iliyoonyesha kwamba spora zao, yaani chembe ndogo kama vumbi za kuzaliana, zikipasuka hutoka viumbe vya aina ya amiba, vinavyojongea na kula. Amiba hao huungana wawili wawili, na kinachopatikana hukua bila kugawanyika: seli moja tu, yenye viini maelfu kwa maelfu, inayotambaa ikimeza bakteria. Huo ndio ute. Siku hali ikibadilika, kwa mfano chakula kikipungua, ute wote hujikusanya, hutoka hadharani na kugeuka vifuko vya spora. Spishi zinazojulikana duniani ni takriban 1,000, na majina yao yamejengwa juu ya vifuko hivyo na spora zilizomo. Ute unakupa rangi tu, nayo rangi hiyo hubadilika kwa chakula na kwa uchachu wa mahali ulipo.

Ndiyo maana njano inasumbua watu. Ukungu-ute maarufu kuliko wote ni Physarum polycephalum, ule ambao mwaka 2000 Mjapani Toshiyuki Nakagaki na wenzake walionyesha kwamba ukiwekwa kwenye mzingile wenye chakula pande mbili, hujiondoa kwenye njia zisizo na maana na kubaki kwenye njia fupi. Habari ile ilizunguka dunia nzima, na tangu hapo kila ute wa njano unapachikwa jina hilo. Lakini ule mnaonitumia kutoka kwenye mboji, kwenye maranda ya mbao na kwenye matandazo ya bustani, mara nyingi ni Fuligo septica. Fuligo huo huo ulitokea mwaka 1973 kwenye ua wa nyumba karibu na Dallas, Texas, ukazua taharuki mpaka magazeti yakaandika. Sasa fanya subira uone tofauti. Fuligo ukikomaa unakuwa donge moja bapa, ambalo huweza kufika upana wa sentimita 20, lenye gamba la chokaa linalovunjika ukiligusa, na ndani yake unga mweusi. Physarum polycephalum ukikomaa hutoa vikonyo vya njano, kila kikonyo na kichwa chake chenye mikunjomikunjo. Mtoto wa darasa la tatu angevitofautisha. Ilhali siku moja kabla, vikiwa ute, hata mimi nisingeweza kuapa.

Lakini njano si kisa changu cha leo. Leo nataka kuwaonyesha jinsi jina linavyopatikana, hatua kwa hatua, kwa gogo la musizi lililolala nyuma ya iliki yangu.

Musizi ni mti uliopandwa Amani na wageni, ukaipenda hali ya hewa ya huku kiasi cha kuuvamia msitu wenyewe. Mbao yake ni laini, inaoza upesi, na kwa ajili hiyo ukianguka shambani kwangu sikubali uchomwe mkaa. Jioni moja ya masika mjukuu wangu wa kidato cha pili, aliyekuwa likizo, alikuja mbio jikoni. "Bibi, gogo linatoa povu." Nikafunga kanga vizuri, nikachukua tochi tukaenda. Kweli, mahali pawili kwenye gogo, pakiachana urefu wa mkono, palikuwa na vitone vyeupe vimesongamana, vinameta kwa unyevu.

Jamii hii huwezi kuuona ute wake mapema. Huishi ndani ya mbao, mwembamba mno na usio na rangi, na ukishauona nje jua umeshaanza kuzaa. Tulirudi kuuangalia usiku kabla ya kulala. Vitone vilikuwa vimerefuka kwenda juu, na ukisogeza lenzi ya mkono karibu kabisa ungeona ndani ya kila kimoja uzi mweusi unajijenga katikati, ute mweupe ukipanda kuuzunguka. Alfajiri vyote vilikuwa na rangi ya waridi iliyopauka. Saa nne asubuhi waridi ilikuwa imeanza kuwa hudhurungi, na kufika jioni hapakuwa tena na kitu cha majimaji: vishungi viwili vikavu vya vijiti vyembamba, vimesimama wima, vimegusanagusana. Nilipima kwa rula ya shule. Shungi la kushoto vijiti vyake vilikuwa na urefu wa milimita 14 hivi, la kulia kama 11.

Sasa tazama. Shungi la kushoto lilikuwa hudhurungi iliyokolea, karibu na nyeusi. La kulia lilikuwa na rangi ya kutu.

"La kulia bado changa," mjukuu akasema. "Kesho litakuwa jeusi kama mwenzake."

Ni hoja nzuri, na ndiyo hoja ambayo mtu mwenye picha moja tu hawezi kuijibu. Sisi tulikuwa na gogo lenyewe, kwa hiyo tukasubiri. Nikalifunika kwa kipande cha bati, nikakiinua kwa mawe ili hewa ipite, maana mvua moja kubwa inatosha kufuta kila kitu. Kesho yake shungi la kulia lilikuwa bado rangi ya kutu, na ukilipuliza kidogo lilitoa vumbi. Hicho ndicho kipimo changu cha ukomavu. Kifuko kinachomwaga spora kavu kimemaliza kukua, na rangi uliyoiona siku hiyo ndiyo yake. Basi tulikuwa na mawili: ama spishi moja yenye rangi mbili, ama spishi mbili kwenye gogo moja.

Jambo la kwanza ninalofanya na ukungu-ute wowote uliokomaa ni kukung'uta unga wake juu ya karatasi nyeupe. Rangi ya unga ukiwa umekusanyika inagawa kundi lote: upande mmoja wale wenye spora nyeusi, za zambarau iliyokolea au hudhurungi iliyokolea, upande wa pili wale wenye spora za rangi nyangavu, yaani njano, chungwa, waridi au kijivu chepesi. Unga wa shungi la kushoto haukuwa na ubishi. Wa kulia ulikuwa hudhurungi ya kutu, na hapo ndipo wengi hupotea njia, kwa sababu ipo jamii nyingine yenye wekundu, Arcyria, ambayo kwenye magogo ya huku imejaa tele, na kwa macho matupu hufanana na hii ya kutu.

Kuwatenganisha hakuhitaji hadubini. Chukua kijiti kimoja kwa kibano, kiweke juu ya karatasi, kipulize mpaka unga umalizike, kisha tazama kwa lenzi ya mkono. Arcyria haina nguzo ndani. Kinachobaki ni nyuzi zilizosokotana, na ukizivuta zinarefuka. Vya kwangu vyote viwili vilibaki na nguzo nyeusi inayong'aa, ikianzia kwenye kikonyo na kupanda katikati ya kifuko hadi karibu na ncha, na kutoka kwenye nguzo hiyo matawi membamba yakitoka kwenda pembeni. Ngozi ya nje ya kifuko ilikuwa imekwisha potea. Chini, vikonyo vyote vya shungi moja vilikuwa vimesimama juu ya utando mmoja wa pamoja, unaometa kama njia ya konokono.

Kisha chokaa. Wengi wa wale wenye spora nyeusi wana chokaa kwenye ngozi, kwenye kikonyo au kwenye nyuzi, na wengine hawana. Ukitilia shaka, dondosha siki kidogo kwenye kipande kimoja ukitazama kwa lenzi. Chokaa itatoa viputo. Usidondoshe kwenye sampuli yote, maana chokaa ikiyeyuka umejiharibia ushahidi. Mashungi yangu hayakutoa kiputo hata kimoja.

Spora za kundi la weusi, hakuna chokaa, nguzo imepanda karibu na ncha, vifuko virefu vimesimama kwa mashungi: hiyo ni Stemonitis. Yuko ndugu yake, Stemonitopsis typhina, anayeweza kuwadanganya watu, lakini yule kikonyo chake kimevikwa ngozi ya rangi ya fedha na nguzo yake huishia mapema. Vyangu vilikuwa na vikonyo vitupu, vyeusi, laini.

Mpaka hapa kazi yote imefanyika kwa karatasi, kibano, lenzi na siki. Jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, tunayo. Wengi wangeridhika, na kwa kweli kuandika "Stemonitis" na kuishia hapo ni uungwana mkubwa kuliko kubandika jina la spishi kwa kukisia. Lakini ndani ya Stemonitis ndimo rangi na urefu vinapoacha kusaidia. Stemonitis splendens inaweza kuzidi sentimita 2. Stemonitis fusca huanzia milimita 6 hivi na inaweza kufika 20. Stemonitis axifera imo katikati ya hizo. Ukiwa na rula tu, wote watatu wanakaa kwenye kipimo kimoja.

Kwa hiyo nikatoa hadubini.

Spora hizi hazipendi maji. Ukiziweka moja kwa moja kwenye tone la maji, hewa inanasa na unachokiona ni mapovu meusi. Ninachofanya ni kuweka tone la spiriti kwanza, ile ile ya kusafishia jeraha. Inapenya, inafukuza hewa, na kabla haijakauka naongeza tone la potasi haidroksaidi iliyozimuliwa. Waliofanya kazi maabara wanaijua dawa hii, ndiyo tunayowekea magamba ya ngozi tunapotafuta fangasi. Halafu kifuniko cha slaidi, taratibu, kutoka upande mmoja. Kwa wenye chokaa usitumie kitu chochote chenye asidi.

Kwa lenzi ya 10 na ya 40 nilitazama wavu. Matawi yanayotoka kwenye nguzo hufika pembeni na kuungana kuwa wavu unaozunguka kifuko chote kwa nje, na ukubwa wa matundu ya wavu ule ni alama muhimu. Kwa splendens matundu ni makubwa na hayana mpangilio, mengine kufikia mikroni 100 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kiasi kwamba spora kumi zingejipanga kwenye tundu moja. Kwenye mashungi yangu matundu yalikuwa madogo, upana wa spora mbili au tatu. Splendens ikatoka.

Zikabaki fusca na axifera, na zinatenganishwa na spora. Spora za fusca zina kipenyo cha mikroni 7 na nusu hadi 9, na juu yake zina wavu mwembamba wenye vimiba. Spora za axifera ni ndogo, mikroni 5 hadi 7, zimepauka, na karibu ni laini.

Hadubini yangu haina mizani ya kupimia ukubwa ndani ya lenzi ya jicho. Ile ya kazini ilikuwa nayo, hii ya mtumba haikuja nayo. Lakini mtu aliyesoma damu maisha yake yote anatembea na mizani mwilini. Chembe nyekundu ya damu ya mtu mzima mwenye afya ina kipenyo cha mikroni 7 na kitu, na ukitazama nyingi pamoja zinatofautiana kidogo sana. Nilijitoboa kidole, nikavuta filamu nyembamba ya damu, nikaigandisha kwa methanoli na kuipaka rangi ya Giemsa kama nilivyozoea, nikaiweka chini ya lenzi ya 100 yenye mafuta, nikaipiga picha kwa simu kupitia kwenye jicho la hadubini. Kisha, bila kugusa ukuzaji wowote wa simu, nikaweka slaidi ya spora za shungi la kushoto nikapiga picha, na slaidi ya shungi la kulia nikapiga picha. Picha tatu, ukubwa mmoja. Mjukuu akazifungua kwenye kompyuta yake ya shule, akaziweka ubavu kwa ubavu na kupima kwa rula juu ya kioo.

Spora za shungi jeusi zilizidi chembe ya damu. Za shungi la kutu zilikuwa ndogo kuliko chembe ya damu, na hakuna hata moja tuliyoipima iliyoifikia.

Nataka mwelewe nilivyofurahi. Ule urefu wa milimita 14 na 11, ile rangi ambayo mtu angeweza kusema ni suala la umri, vyote vingeweza kubishaniwa mpaka asubuhi. Lakini chembe ya damu haina upande. Nikarudi kwenye hadubini nikacheza na rodi ya kulenga, juu kidogo, chini kidogo, kama tunavyofanya kutafuta kimelea kilichojificha. Spora za shungi jeusi, zikitazamwa juu kabisa ya uso wake, zilionyesha wavu: vijistari vidogo vilivyounganishwa kwa mistari, na pembezoni vimiba vifupi vikichomoza. Rangi yake kwenye mwanga ni hudhurungi yenye zambarau kidogo. Spora za shungi la kutu zilikuwa zimepauka, uso wake karibu haukuwa na kitu. Kwa kulenga vizuri ndipo palionekana vitone hafifu.

Kwa hiyo shungi la kushoto ni Stemonitis fusca, kwa maana pana ya jina hilo, kwa sababu fusca ina sura nyingi na wataalamu wenyewe bado wanaigawagawa. La kulia ni Stemonitis axifera. Spishi mbili kwenye gogo moja, zimetoka usiku mmoja, zikiwa nyeupe zote mbili, na zikiwa za waridi zote mbili. Laiti ningepiga picha jioni ile ya kwanza na kuondoka, hakuna mtu duniani ambaye angezitenganisha kwa picha ile.

Kuna wanaoniuliza kama DNA haijayamaliza haya yote. Imesaidia, na imeongeza kazi. Chukueni Lycogala epidendrum, zile goroli za waridi zinazoota kwenye magogo, ambazo ukizibana zikiwa changa hutoa rojo ya waridi, na zikikomaa huwa za kijivu cha hudhurungi na kutoa vumbi. Kila kitabu kiliziita jina moja. Waliposoma vinasaba vyake wakakuta jina lile limebeba spishi nyingi, na baada ya hapo walilazimika kurudi kwenye hadubini kutafuta ni alama gani za macho zinazoenda pamoja na kila tawi la vinasaba: rangi ya rojo, magamba ya ngozi, namna spora zilivyonakshiwa. Kwa sisi wa shambani maana yake ni moja: andika alama zote, hata zile ambazo leo hazikusaidii.

Sampuli nimezigundisha kwenye vipande vya karatasi ngumu, kila moja ndani ya kiberiti chake. Kiberiti kinafaa kuliko mfuko wa plastiki: kinapitisha hewa, kina droo, na kinalinda vishungi visigusane na kitu. Kabla ya kufunga naziacha siku kadhaa juani chini ya chandarua, kwa sababu kuna wadudu wadogo wanaokula spora, na kuna kuvu inayoota juu ya ukungu-ute ukifungiwa na unyevu. Mjapani Minakata Kumagusu, aliyewapenda viumbe hawa kuliko yeyote ninayemjua kwa kusoma, alimpelekea mfalme Hirohito sampuli 110 mwaka 1929 zikiwa ndani ya maboksi matupu ya peremende. Huyo huyo aliukuta ukungu-ute kwenye mti wa bustani yake nyumbani, Gulielma Lister wa Uingereza akauchunguza na kuupa jina jipya, Minakatella. Nikisoma habari ile najisikia vizuri kuhusu viberiti vyangu na gogo langu.

Juu ya kiberiti naandika tarehe, mahali, urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, aina ya mbao, kama ina gamba au imechunika, rangi tangu ute hadi kukomaa, urefu kwa milimita, matundu ya wavu, spora. Mbao isikosekane. Wengine hupenda majani makavu, wengine magamba ya miti hai, wengine kinyesi cha wanyama wanaokula majani, na mara nyingi hiyo pekee inakupunguzia nusu ya orodha. Usambara si mahali pasipojulikana kwa habari hii: Tarja Ukkola wa Finland alichapisha mwaka 1998 utafiti wake wa miksomiseti wa milima hii, na kabla yake Marja Härkönen na wenzake walikuwa wameanza kuwaorodhesha wa Tanzania. Niliposikia kuna watu wametoka Finland kuja kukagua magogo yetu, niliona aibu njema, nikanunua lenzi.

Mambo mawili ya tahadhari. Mimi nachukua kwenye shamba langu tu. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ni hifadhi kwa sheria, na kuokota kitu mle, hata kiwe kidogo kuliko punje ya mtama, kunahitaji kibali. Na unapopuliza spora vaa barakoa, hasa kama una pumu. Za Fuligo zinajulikana kuwasumbua watu wenye mzio.

Jirani yangu wa upande wa chini, mzee mwenye iliki nyingi kuliko yangu, alikuja akatuona tumeinama juu ya gogo. Akauliza swali la mkulima, "Hiyo haitashuka kwenye miche yangu?" Nikamwambia, "Haishuki, kaka. Hii inakula bakteria, haina haja na iliki." Hilo ni kweli kwa ukungu-ute wa jamii hii yote: haunyonyi mmea. Fuligo na jamaa zake huweza kupanda juu ya mche mdogo kitaluni na kuufunika, na kinachotakiwa ni kuondoa matandazo yale kwa koleo na kuyatupa kando. Hakuna dawa ya kununua. Kama kuna mtu dukani anakuuzia dawa ya kuua ute wa njano, hifadhi pesa yako.

Mnaonitumia picha, basi, nisaidieni hivi. Piga ya kwanza siku ulipokiona. Kisha kifunike kisinyeshewe, piga asubuhi na jioni mpaka kikauke. Weka rula pembeni. Kikikauka, kung'uta unga kwenye karatasi nyeupe upige picha ya unga. Kata kifuko kimoja kwa wembe upige ndani. Niambie kimeota juu ya nini. Kwa hayo nitakupa jenasi mara nyingi; spishi nitakupa ukinitumia kiberiti.

Kwa sasa meza yangu ina sahani tano za kioo zenye karatasi ya kupangusia na majani makavu ya mwembe, yamelowekwa na kufunikwa. Njia hii ya kuotesha ndani ya chumba chenye unyevu ilielezwa na Gilbert na Martin mwaka 1933 kwa magamba ya miti, na inafanya kazi vilevile kwa majani. Kwenye sahani ya tatu vimetokea vichwa vyeupe vya duara, milimita moja, juu ya vikonyo vinene vyeupe. Kwa lenzi ya mkono weupe ule si unga wa punje kama wa Physarum. Ni fuwele zenye ncha, nyingine za nyota, kwa hiyo tuko Didymium. Kikonyo kingekuwa cheusi ningefikiria nigripes, kingekuwa cha rangi ya chungwa na kupitisha mwanga ningefikiria iridis; hiki chenye chokaa kinanipeleka squamulosum. Lakini vichwa bado vina unyevu, havijapasuka, na sijaziona spora. Nikiziona nitaandika.